Kumwona Mungu Uso kwa Uso: Swali Lililotikisa Avignon, 1331–1336



Zaidi ya miaka ishirini iliyopita nilikuwa nikitayarisha kundi la vijana kwa sakramenti ya kipaimara. Siku moja tulikuwa tukisoma sura ya 33 ya Kitabu cha Kutoka. Kijana mmoja, mwepesi wa kufikiri, mwenye mazoea ya kusoma mbele kuliko wenzake, aliinua mkono akasema: «Mwalimu, aya ya 11 inatuambia kwamba Mungu alizungumza na Musa uso kwa uso. Aya ya 20 inatuambia kwamba Musa hawezi kuuona uso wa Mungu, kwa kuwa hakuna mtu auonaye akabaki hai. Kati ya aya hizo mbili kuna aya nane tu. Tushike ipi?»

Nilikuwa nimesomea ualimu, lakini siku ile nilisahau yote niliyofundishwa juu ya kumheshimu mwanafunzi anayeuliza. Nilimwambia kwamba imani si mahali pa mabishano, akae chini. Alikaa. Jumapili chache zilizofuata hakuonekana, na mwishowe tukasikia kwamba anasali kwingine. Sikumjibu kwa sababu sikuwa na jibu, na sikuwa na ujasiri wa kukiri hivyo mbele ya watoto. Maandishi haya ni jibu lililochelewa. Nayaandika kwa ajili yake popote alipo, na kwa ajili yenu ninyi ambao kila siku mnakutana na watu wenye orodha ya aya zinazopingana.

Aya zinazovutana

Orodha ya kijana yule ingeweza kuwa ndefu zaidi. Yakobo, baada ya kushindana usiku kucha karibu na kijito cha Yaboki, anashangaa kwamba amemwona Mungu uso kwa uso na bado yu hai (Mwanzo 32). Wazee wa Israeli wanapanda mlimani pamoja na Musa, wanamwona Mungu wa Israeli, kisha wanakula na kunywa (Kutoka 24). Nabii Isaya anamwona Bwana ameketi katika kiti cha enzi, naye anaogopa kwamba amepotea (Isaya 6). Upande wa pili, Injili ya Yohane inatamka katika sura yake ya kwanza kwamba hakuna mtu aliyemwona Mungu wakati wowote, na Paulo anamwandikia Timoteo kwamba Mungu anakaa katika mwanga usiokaribika, wala mwanadamu hawezi kumwona. Tena, Bwana wetu mwenyewe anawaahidi wenye moyo safi kwamba watamwona Mungu (Mathayo 5), na Barua ya kwanza ya Yohane inasema kwamba tutamwona jinsi alivyo.

Lugha yetu yenyewe inatufundisha kuwa na subira na neno «kuona». Tunaona baridi, tunaona njaa, tunaona haya. Wala hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachopitia machoni. Kipofu akiagana na rafiki yake humwambia «tutaonana kesho», na hakuna anayemcheka. Katika Biblia pia, kuzungumza uso kwa uso ni kuzungumza moja kwa moja, bila mjumbe katikati. Ndiyo maana aya ya 11 inaongeza kwamba ilikuwa kama mtu anavyosema na rafiki yake. Aya ya 20 inajibu ombi jingine kabisa, kwa sababu Musa sasa ameomba aonyeshwe utukufu wa Mungu. Aya ya kwanza inahusu urafiki. Ya pili inahusu kiumbe anayetaka kumtazama Muumba alivyo. Hiyo ni nusu ya jibu, na hiyo nusu ningeweza kumpa kijana yule siku ileile. Nusu ya pili ililichukua Kanisa karne nyingi.

Njia mbili za mkato

Tangu mwanzo walikuwapo watu waliochoka kushika aya mbili kwa pamoja. Mmoja wao ni Marcion, aliyetengana na Kanisa la Roma mnamo mwaka 144. Yeye aliona Agano la Kale na Injili haviwezi kukaa nyumba moja. Basi akalikataa Agano la Kale lote, na katika Agano Jipya akabakiza Injili moja na barua kadhaa za Paulo, navyo akavipunguza. Njia yake ni rahisi: aya ikikusumbua, ikate.

Njia ya pili ni kuchukua kila neno kama lilivyo bila kuuliza maana yake. Katika bara letu la Afrika, huko Misri, walikuwapo wamonaki waliodhani kwamba Mungu ana mwili, uso na mikono kama sisi, kwa kuwa Biblia inataja uso wake na mikono yake. Mwaka 399 Theofilo, askofu wa Aleksandria, aliandika barua ya kukanusha wazo hilo. Mtawa Yohane Cassian anasimulia habari ya mzee mmoja mcha Mungu, jina lake Serapion, aliyekubali maelezo ya barua ile. Lakini walipoanza kusali, mzee alianguka chini akalia, akilalamika kwamba wamemnyang'anya Mungu wake na hajui tena amwabudu nani. Tusimcheke mzee huyo. Anatukumbusha kwamba swali hili linagusa sala za watu, na kwamba anayemsahihisha mwenzake anapaswa kumpa kitu cha kushika mahali pa kile alichomwondolea.

Kati ya njia hizo mbili alipita Mtakatifu Ireneo, askofu wa Lyon, aliyeandika mnamo mwaka 180 dhidi ya Marcion na wengine. Ireneo hakukata aya wala hakumpa Mungu mwili. Alifundisha kwamba mwanadamu kwa nguvu zake hawezi kumwona Mungu, ila Mungu akipenda huonekana, na wale anaowapenda, kwa wakati anaoupenda, na kwa namna anayoipenda. Alionekana na manabii kwa Roho. Anaonekana kwa Mwana kwetu tuliofanywa wana. Ataonekana kama Baba katika ufalme wa mbinguni. Tazameni anavyofanya: anaziweka aya zote katika safari moja, na kila aya ina mahali pake njiani.

Maswali matatu ndani ya swali moja

Karne zilivyopita, ikadhihirika kwamba swali «Je, mtu anaweza kumwona Mungu?» lina maswali matatu ndani yake. Je, tutamwona kweli? Kwa nguvu gani? Na lini?

La kwanza lilizuka Paris. Baadhi ya walimu wa chuo kikuu, wakitegemea mababa wa Kanisa la Mashariki waliosisitiza kwamba Mungu hafikiki, walisema hata mbinguni hakuna mtu wala malaika atakayemwona Mungu katika dhati yake, yaani vile alivyo Mwenyewe. Mwaka 1241 Guillaume wa Auvergne, askofu wa Paris, alikataza fundisho hilo. Ahadi ya Yesu kwa wenye moyo safi ni ya kweli: tutamwona Mungu Mwenyewe.

La pili lilijibiwa katika Mtaguso wa Vienne, uliofanyika mwaka 1311 na 1312. Walikuwapo watu waliosema kwamba roho ya mwanadamu inaweza kumwona Mungu kwa uwezo wake wa asili. Mtaguso ulikataa: roho inahitaji kuinuliwa na mwanga wa utukufu, ambao ni zawadi. Hapo aya ya Paulo kwa Timoteo inabaki na nguvu yake yote. Mwanadamu hawezi, Mungu anamwezesha. Mtakatifu Toma wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alikuwa ameongeza jambo jingine: kumwona Mungu si kummaliza. Anayesimama Uvira au Kalemie analiona Ziwa Tanganyika, na haoni picha yake, analiona lenyewe. Lakini hakuna jicho linaloweza kulikusanya lote, wala kufika vilindi vyake.

Likabaki swali la tatu: lini? Wengi walidhani limekwisha kujibiwa, hadi siku moja Papa mwenyewe alipopanda kuhubiri.

Mahubiri ya Sikukuu ya Watakatifu Wote

Wakati huo Mapapa walikuwa wakikaa Avignon, kusini mwa nchi ya Ufaransa. Papa Yohane XXII alichaguliwa mwaka 1316 akiwa tayari mzee, naye alikuwa mwanasheria hodari na mtu wa kazi nyingi. Tarehe 1 Novemba 1331 alihubiri kwamba roho za watakatifu sasa zinapumzika chini ya altare, kama inavyosimuliwa katika sura ya 6 ya Kitabu cha Ufunuo. Akaeleza kwamba altare hiyo ni ubinadamu wa Kristu: roho hizo zinafarijiwa naye, lakini hazitaiona dhati ya Mungu mpaka miili ifufuke na hukumu ya mwisho ipite. Alirudia fundisho hilo katika mahubiri mengine mwezi Desemba na mwezi Januari uliofuata.

Papa hakulizua wazo hilo kutoka hewani. Mtakatifu Bernardo, katika karne ya 12, alikuwa amehubiri kwa namna inayofanana na hiyo. Tena Papa alikuwa na aya: roho zilizo chini ya altare zinaambiwa zingoje, na katika sura ya 25 ya Mathayo, wenye haki wanakaribishwa katika ufalme siku ya hukumu. Lakini wapinzani wake nao walikuwa na aya. Yesu alimwambia mhalifu msalabani kwamba siku ileile atakuwa pamoja naye peponi. Paulo aliwaandikia Wafilipi kwamba anatamani kufariki akae na Kristu. Mnaona, vijana, kwamba tatizo la kijana wangu lilifika hata kwenye kiti cha Papa: Maandiko yaleyale yakivuta pande mbili.

Mambo yakawa makali. Mwezi Januari 1333 mtawa Mdominikani kutoka Uingereza, Thomas Waleys, alihubiri palepale Avignon akipinga wazo la Papa. Muda mfupi baadaye alikamatwa na kutiwa gerezani. Maadui wa Papa, waliokuwa wamekimbilia kwa Mfalme Ludwig wa Bavaria na waliokuwa na ugomvi naye juu ya mambo mengine, walifurahi kupata nafasi ya kumwita mzushi. Mkuu wa Wafransisko, Guiral Ot, alipolitetea wazo la Papa mjini Paris, pakatokea ghasia. Mfalme Philippe VI wa Ufaransa aliwakusanya wataalamu wa teolojia huko Vincennes mwezi Desemba 1333, nao wakatamka kwamba roho za watakatifu zinamwona Mungu tayari.

Yohane XXII alijibu kwamba hakuwa ametoa fundisho la kuwafunga waamini. Alikuwa ameeleza maoni, na kila mtu alikuwa huru kuyajadili. Ni kweli kwamba hakutoa amri yoyote ya kuwalazimisha Wakristu kuamini wazo lake. Lakini mwenye kuhubiri juu ya gereza la Waleys angeweza kuuliza uhuru huo ulikuwa wapi. Historia ya Kanisa isifichwe. Nami siwezi kumhukumu Papa yule kwa sauti kubwa, kwa maana katika chumba kidogo cha katekisimu nilimnyamazisha mtoto aliyekuwa na aya mkononi.

Papa anajirudi

Tarehe 3 Desemba 1334, mzee huyu wa miaka ipatayo 90 alikuwa kitandani akikaribia kufa. Aliwaita makardinali, na mbele yao akaungama kwamba roho zilizotakaswa na kutengana na mwili ziko mbinguni, pamoja na Kristu, nazo zinamwona Mungu na dhati yake uso kwa uso, kadiri ya hali ya roho iliyotengana na mwili. Yote aliyosema au kuandika kinyume cha imani ya Kanisa aliyafuta, akayaweka chini ya hukumu ya Kanisa. Kesho yake akafariki. Fikirini: mtu aliyefundisha kwamba wafu wanangoja, saa chache kabla ya kuingia yeye mwenyewe katika kifo, anakiri kwamba mlango uko wazi.

Makardinali walimchagua Jacques Fournier, mmonaki Msisterisiani, akachukua jina la Benedikto XII. Alikuwa mwanateolojia na tayari alikuwa ameandika juu ya swali hilo. Angeweza kuamua haraka. Badala yake, mwaka 1335 alijitenga nje ya mji, mahali paitwapo Pont-de-Sorgues, akachunguza jambo lile kwa miezi kadhaa pamoja na wataalamu. Tarehe 29 Januari 1336 alitoa hati iitwayo Benedictus Deus. Inafundisha kwamba roho za waliokufa katika neema, zisizo na kitu cha kutakaswa, mara baada ya kufa, na zile zinazohitaji kutakaswa, mara baada ya kutakaswa, ziko mbinguni hata kabla ya ufufuko wa miili na hukumu ya mwisho. Nazo zinaiona dhati ya Mungu uso kwa uso, bila kiumbe chochote kusimama katikati. Mtaguso wa Firenze ulithibitisha imani hiyo mwaka 1439, na Katekisimu ya Kanisa Katoliki inaikumbuka katika namba 1023.

Hati hiyo haikufuta hukumu ya mwisho wala ufufuko. Roho zilizo chini ya altare bado zinangoja kitu: zinangoja miili yao, zinatungoja sisi. Kwa hiyo hata aya aliyoipenda Yohane XXII haikutupwa.

Jambo hili linatuhusuje?

Huenda mmoja wenu anauliza: mabishano ya Wazungu wa karne ya 14 yana faida gani kwetu? Nendeni kwenye kilio katika mtaa wowote wa kwetu, mtalisikia swali la Avignon likiulizwa na mama aliyefiwa. «Mwanangu sasa yuko wapi?» Katika nchi yetu zipo familia ambazo hazikupata hata kaburi la kulilia. Mama huyo haulizi habari za mwisho wa dunia. Anauliza habari za usiku wa leo. Kanisa, baada ya miaka mitano ya mabishano, lilipata neno la kumwambia: anayekufa katika neema ya Mungu habaki gizani akingoja karne zipite. Akiwa na kitu cha kutakaswa, sala zetu na Misa tunazomwombea zinamsaidia. Akiwa ametakaswa, anamwona Mungu sasa hivi.

Na tunapowataja katika sala Mwenye heri Anuarite, aliyeuawa Isiro mwaka 1964, na Mwenye heri Isidore Bakanja, tunaongea na watu wanaomwona Mungu huku wakituombea. Hawakumwona walipokuwa wakipigwa. Anuarite hakuwa na maono ya kumrahisishia usiku ule. Alikuwa na imani kama yetu, ile ambayo Paulo anaifananisha na kutazama katika kioo kwa fumbo. Walitembea gizani hadi mlangoni. Ndiyo sababu ahadi ya Mathayo imewekwa kwa wenye moyo safi: macho yatakayomwona Mungu yanatayarishwa hapa, katika ukweli, katika kusamehe, katika kukataa rushwa, katika usafi wa maisha.

Sasa narudi kwa kijana wangu. Uliniuliza tushike aya ipi. Shika zote mbili. Aya ya 11 inakuambia kwamba Mungu anataka kuwa rafiki yako tangu leo. Aya ya 20 inakulinda usidhani kwamba umekwisha kumjua. Kati ya hizo mbili amesimama Yesu, aliyemwambia Filipo kwamba aliyemwona yeye amemwona Baba. Na mahali utakapozielewa kabisa ni pale ambapo Musa mwenyewe sasa anaona. Nisamehe kwamba nilikuambia ukae chini.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Someni pamoja Kutoka 33, kuanzia aya ya 11 hadi 23. Musa anaomba nini, na Mungu anampa nini?

2. Yohane XXII alikubali kujirudi mbele ya makardinali wake. Kati yetu viongozi wa vikundi, ni jambo gani linatuzuia kukiri kwamba tulikosea?

3. Mtu wa mtaa wenu amefiwa, anawauliza marehemu wake yuko wapi. Mtamjibu nini, kwa maneno yenu wenyewe, bila kumdanganya na bila kumwacha peke yake?